Bunduki Yako Niliilaza Kwenye Mfereji wa Tende

Basi komeo la bunduki lilipokubali kufunguka kule Nizwa, kaka Nassor, kilichotoka mwanzo ni sisimizi. Wamekufa. Wamegandana na asali ya tende, weusi tititi, kama ufuta juu ya mkate. Fundi kawakwangua kwa ncha ya kisu, kapuliza, kaielekeza bunduki kwenye mwangaza wa mlangoni, kachungulia ndani ya mtutu. Kachungulia, kachungulia. Mie nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki namtazama yeye uso wake, maana mtutu siujui kuusoma, lakini uso wa mtu naujua. Nikajua kabla hajasema.

Kasema kwa Kiarabu, pole pole, kama daktari: "Ya hajja, mtutu huu umekufa. Umeliwa ndani. Mkitia risasi humu utampasukia mtu usoni. Itundikeni ukutani, iwe pambo."

Itundikeni ukutani. Neno lile lile ulilolikataza, kaka. Katika maneno yote ya dunia hii.

Shikamoo. Unaona, nimesahau hata kukuamkia. Ndivyo nilivyo siku hizi, naanza khabari katikati kama mtu aliyeamshwa. Shikamoo kaka yangu, mwana wa mama yangu. Anayeandika si mie, mie kalamu unajua sijapata kuishika, ni Thuweba jirani, huyu wa Tabora, ambaye mumewe ana duka la matairi. Mwaka mzima huu nakusemesha jikoni, nakusemesha nikitandika, mpaka Thuweba kanisikia kasema, Bi Zuwena, yatie haya kwenye karatasi, yakutoke kifuani. Kuja kwako siwezi, wanawake wa huku hatwendi makaburini, na hata ningekwenda nisingekujua uko wapi, majiwe matupu yale, hayana jina. Basi ni karatasi. Na ukiona humu neno la kibara ujue ni lake Thuweba, si langu. Anacheka. Andika na hilo.

Sasa nianze vizuri.

Wewe unajua kwa nini bunduki ile. Watoto wako hawajui, wanadhani baba yao alikuwa anapenda vyuma vya kale tu, kama wazee wengine wanavyopenda ngamia. Hawakuwepo. Sisi tumeshuka Bidiya hii ya Omani na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi, na nazi zenyewe huku hazimei. Watu wanasema tumerudi. Tumerudi vipi mahali tusipopata kufika? Babu ndiye aliyetoka hapa, sisi tumezaliwa Unguja, tumekulia Unguja, tumekimbia Unguja. Kiarabu chako kilikuwa cha msahafuni, ukisema neno sokoni watu wanakohoa wasicheke. Mie nilikuwa sisemi kabisa, naonyesha kwa kidole.

Ikaja Iddi ya mwanzo. Wanaume wakaswali, wakenda zao pale chini ya jabali, wakaweka lile jiwe jeupe la shabaha mbali, na kila nyumba ikaitwa kwa jina lake, itoe mtu wake apige. Ikaitwa nyumba yetu. Bunduki huna. Mtu kakuazima yake. Ukapiga, risasi ikapita huko juu, kwenye mawingu, hata kunguru haikumtisha. Mzee mmoja kasema, huyu si baba wa watoto, huyu Abu Samaa, baba wa mbingu. Wakacheka mpaka vilemba vikaanguka. Na jina likakushika. Mwaka mzima, dukani, msikitini, kwenye falaji ukingoja zamu yako ya maji: Abu Samaa, Abu Samaa.

Siku ile ulirudi hukula. Nilipika pilau la Iddi, nilipata mdalasini wa kweli, hukuonja. Ukasema: "Zuwena, ama nijifunze kupiga, ama nife mgeni hapa." Basi.

Ukamwendea Mbedui mmoja kule Mintirib, pale mchanga unapoanza, ukarudi na kitu kirefu kimefungwa gunia. Mie nikadhani jembe. Ukaifungua. Bunduki ya Kiingereza, ya vita vile vya mwanzo vya Mjerumani, mti wake mwekundu kama halua, ubavuni ina taji la mfalme na namba zimechorwa. Inakula risasi kumi ndiyo watu wa huku wanaiita Umm Ashara, mama wa kumi. Kila risasi moja unavuta lile komeo nyuma, ganda linaruka, unalisukuma mbele, unalilaza. Kacha-kacha. Nilikuwa nikiisikia sauti ile nikiwa jikoni najua uko wapi na umekasirika au hukukasirika.

Unazikumbuka siku za sarafu? Miezi unalala kifudifudi uani na bunduki tupu, mie nimechuchumaa mbele nakuwekea sarafu juu ya mtutu, uvute mtambo na sarafu isianguke. Inaanguka. "Tena." Naiokota. Inaanguka. "Tena." Wali umeungua mara ngapi kwa ajili ya sarafu ile! Mkeo, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyie ndugu wawili mna wazimu mmoja mmegawana. Mpaka siku moja ukavuta, tak, na sarafu imekaa. Tukatazamana. Hukusema "Tena." Nikenda kuzima jiko.

Na birika. Hujavua hata viatu unaita toka mlangoni, "Zuwena, birika!" Maana risasi zile za zamani zina chumvi ndani, ulinieleza, ikipigwa chumvi inabaki kwenye mtutu na chumvi inakula chuma, na mafuta hayaiondoi, maji ya moto tu ndiyo yanaiondoa. Unaisimamisha kichwa chini, unatia faneli, mie namimina maji yanachemka, yanatoka kule chini meusi. "Mimina, usiogope, hailii." Halafu kitambaa. Halafu mafuta. Wanawake wa jirani wakasema yule Mzinjibari anaikosha bunduki yake kama mtoto wa siku saba. Waache waseme. Za waume zao zilikuwa na kutu, yako unajiona uso.

Iddi ya tatu ukalipasua jiwe. Vipande viwili. Na yule mzee aliyekupa jina kasimama na fimbo yake kapiga kelele, "Abu Samaa kashuka ardhini!" kakubusu kichwa mbele ya watu wote. Jioni yake baraza yetu ilijaa. Nimepika kahawa mpaka mkono umekufa ganzi. Wake zao nao wakaingia kwangu, wakakaa, wakauliza hii mbuzi ya nini. Ndiyo mara ya mwanzo mwanamke wa hapa kukaa kwangu akala. Kwa hiyo mie nnajua, kaka. Bunduki ile ndiyo iliyotufungulia mlango. Si Kiarabu, si nasaba ya babu. Ile.

Na mie mara yangu moja ya kupiga, hiyo hukumwambia mtu, na mie sijamwambia, Thuweba ndiye wa mwanzo kusikia. Tumetoka Mintirib, tumekwenda na gari mchangani kumtazama yule ngamia wako mgonjwa, hakuna mtu, mchanga mtupu. Ukasema, Zuwena, umeokota sarafu yangu miaka, njoo ulale hapa. Nikalala na abaya yangu. Ukaniambia nisiuvute mtambo kama ninang'oa jino, nibane pole pole kama ninakamua tui la mwisho. Nikabana. Wallahi nilidhani punda kanipiga teke la bega. Nimepigapiga miguu, mchanga umeniingia mdomoni, na wewe unacheka, unacheka, umekaa chini unafuta machozi na kilemba. Nikakuuliza, imepata? Ukasema, imepata, imempata Mola wake. Bega liliniuma wiki mbili, na mkeo namwambia nimeanguka msalani.

Aa, nnakwenda mbali. Thuweba anageuza karatasi.

Ulipolala hospitali, wanao wote wawili wapo, Hamedi upande huu wa kitanda na Yahya upande ule, na mie miguuni nakukanda nyayo. Ukasema, sauti imebaki kidogo: "Umm Ashara ya Yahya. Isiuzwe. Isitundikwe ukutani. Kila Iddi ilie." Mie nilimtazama Hamedi. Mkubwa ni yeye, kaka. Ana cheo chake serikalini Ibra, ana gari yenye baridi, dishidashi yake, kanzu ya huku, haina kunjo. Lakini bunduki ulimpa mdogo, kwa sababu Yahya ndiye aliyekuwa analala nawe uani, ndiye aliyeokota sarafu baada ya mie kushindwa na magoti. Ilikuwa haki yako. Lakini ungemwambia Hamedi neno, kaka. Neno moja tu la baba kwa mwanawe. Hukumwambia, ukalala, hukuamka tena.

Siku ya tatu ya matanga, watu bado wamekaa, Hamedi kaja na mtu kutoka Maskat. Nadhifu, ananukia udi, ana miwani ya kusomea. Wakaingia chumbani mwako. Mgeni kaitoa bunduki nyuma ya mlango, kaigeuza, kalisoma taji, kasoma namba, kasema ma shaa Allah, ma shaa Allah, na zote zinafanana namba, ya komeo na ya mtutu, hii adimu, hii nitaitia kwenye kabati la kioo. Na Hamedi kacheka, kasema, "Nitafikiri, shekhe." Mie niko nyuma ya pazia na sinia ya kahawa.

Sasa nnakwambia mie mwenyewe nilivyofikiri, ili usidhani nilikuwa nimepagawa. Nilifikiri hivi: leseni ya bunduki ingali kwa jina lako, makaratasi anayo Hamedi. Yahya kazini wamemwita kabla matanga hayajaisha, yuko huko mchangani anaendesha wageni wazungu kwenye vilima, harudi mpaka alkhamisi. Mie mwanamke, nitasema nini mbele ya wanaume? Nikasema, nitaificha. Nitaificha mpaka Iddi. Iddi ikifika naitoa, namkabidhi Yahya mkononi mbele ya nyumba zote, na hapo Hamedi ataona haya kuinyang'anya. Nilipanga hivyo. Na nilijiona mjanja, kaka. Nilijiona mjanja khasa.

Nikenda nayo ghala la tende.

Ufunguo ninao mie. Siku zile ghala tupu, tende za mwaka ule umeshazigawa. Unajua sakafu yake ilivyo, ina mifereji mistari mistari, imechongwa, inakwenda mpaka ukutani. Nikaufunga mtutu kwa pamba, nikaizungushia khanga yangu ile ya kisutu, nikaiweka chini. Na subhanallah, mfereji mmoja umeipokea sawasawa. Urefu wake, upana wake. Kama umechongwa kwa ajili yake. Nikasema, tazama, Mungu kaiwekea mahali.

Wewe huko uliko umeshashika kichwa. Unajua mifereji ile ni ya nini. Kila mwanamke aliyezaliwa hapa anajua, mtoto wa miaka mitano anajua. Magunia ya tende yanapangwa juu yake moja juu ya moja mpaka darini, na joto likishika tende zinalia, asali inashuka, inaingia mferejini, inakwenda taratibu mpaka kwenye mtungi ulioko nje ya ukuta. Mie miaka yote asali ile naichota mtungini. Nawatilia watoto wako kwenye mkate, natilia kwenye halua. Nimeila zaidi ya miaka ishirini, na siku moja sijauliza imefikaje mtungini. Ghala lilikuwa lako na Karimu, mfanyakazi wako. Kwetu Unguja asali inatoka kwa nyuki, khalas. Mkono wa jikoni unajua mtungi, haujui mfereji.

Ndiyo hiyo. Wewe ulijifunza kila kitu cha mji huu mpaka wakasahau ulikotoka. Mie nilibaki nimekaa jikoni pangu nafungua nazi za kopo.

Ikaja kaidhi, msimu wa joto, tende zikavunwa, Karimu kaja kuniomba ufunguo. Nikasimama mlangoni mwenyewe. Gunia la mwanzo, la pili, yakapanda, na giza la mle Karimu hakuiona, ile khanga ikafunikwa haionekani tena. Nikafurahi. Nikasema sasa hata mwizi haioni.

Huku watoto wako wanatazamana. Yahya anasema Hamedi kaiuza kwa yule wa Maskat. Hamedi anasema Yahya kaificha kwa Mabedui wake. Kila mmoja ananijia mie, "Shangazi, umeiona?" Na mie nasema, "Bunduki ya nini kwangu mie, nikakaangie samaki?" Nacheka kimoyomoyo. Kumbe ile inakunywa. Joto lote la mwaka, usiku na mchana, inakunywa asali.

Ramadhani ilipoingia, Karimu kahamisha magunia ya kufuturishia watu msikitini. Nikasikia ananiita, "Mama! Mama!" Nikenda na kandambili moja mguuni. Khanga imekuwa nyeusi, ngumu, ukiigusa inabaki mkononi. Nimeivuta haitoki, imeshikana na sakafu. Karimu kaing'oa kwa jembe la mkono. Komeo halisogei. Mtutu umejaa. Sisimizi wanaingia huku wanatoka kule. Nikaita "Leta maji!" nikachemsha birika, nikamimina vilevile ulivyonifundisha, mie peke yangu uani na saumu yangu, namimina na kulia, birika saba, nane. Maji yakatoka rangi ya chai. Harufu yake tamu, kaka. Ile ndiyo iliyonivunja. Inanukia kama nyumba ya harusi.

Na Yahya kaingia kanikuta.

Sasa hapa ndipo lilipo lile zito. Haya ya nyuma yote nimekueleza ili nifike hapa. Thuweba, andika kama nilivyosema, usinipambie.

Yahya kaiona, kapiga magoti, hakuniuliza nani. Kasema mwenyewe: "Hamedi. Kaificha ghalani aje aichukue watu wakisahau." Na mie birika mkononi. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa na neno hapa, hapa ulimini. Nikaufunga. Nikajiambia, ngoja kwanza tuione kwa fundi, labda itapona, ikipona nitamwambia tukicheka.

Tukenda Nizwa. Fundi kasema alivyosema. Njia nzima ya kurudi Yahya analia, anaendesha analia, mtu mzima mwenye ndevu, anafuta na mkono wa dishidashi, anasema, "Ningeipoteza mwenyewe ningevumilia. Lakini ndugu yangu." Na mie nimekaa ubavuni kwake na bunduki kwenye mapaja, natazama majabali. Nimeyatazama majabali yale mpaka Ibra. Sikusema.

Iddi ndogo wakaja wote wawili chini ya jabali. Sikuwepo, nimehadithiwa na waliokuwepo. Ikaitwa nyumba ya Nassor. Kimya. Nyumba iliyokuwa ikingojewa zamani, sasa haitoi mtu. Ikaitwa mara ya pili. Na mmoja, simtaji, yule mwenye mdomo, kasema, "Awlad Zinjibar, wana wa Unguja, vipi, risasi zenu mmezisahau Zinjibar?" Watu wakacheka. Na Yahya badala ya kumgeukia yule kamgeukia Hamedi, kamwambia mbele ya umma, "Muulizeni huyu, kamuua baba mara ya pili." Na Hamedi kamtia kofi. Mkubwa kampiga mdogo kofi siku ya Iddi, na nguo mpya. Wazee wakawatenganisha. Jioni ile baraza yako haikukaliwa na mtu. Kahawa nimepika, nimeimwaga.

Tangu siku ile Hamedi hajakanyaga hapa. Mkewe ananiletea mchele, anauweka mlangoni. Yahya yuko mchangani na wazungu wake, akija analala, anaondoka. Bunduki iko chini ya kitanda changu. Haifai kupigwa, na kuuzwa na kutundikwa umekataza. Basi naitunza mie. Kila ijumaa naifuta mafuta kwa nje. Nje inang'aa bado. Uso unajiona.

Nimetafuta njia kaka, nakuapia. Nimefikiri nife nayo. Nimefikiri niseme Karimu, Mungu anisamehe, nimefikiri hivyo siku mbili nzima, maana Karimu kesharudi kwao na hatamjibu mtu. Sikusema. Lakini nilifikiri. Nakwambia ili unijue nilivyokuwa. Mkiwa mnaona huko, ulikuwa unaona. Nilidhani utakuja ndotoni unigombeze, hukuja. Ningefurahi ungekuja hata na fimbo.

Kesho kutwa Iddi kubwa. Itaitwa tena nyumba yako. Hakuna atakayesimama, na mwakani labda hawataiita. Wataruka, waende nyumba inayofuata. Si kwa ubaya, watu wanasahau tu. Na sisi tutakuwa vile tulivyoshuka na masanduku yetu, tofauti yake sasa mie mzee na wewe hupo. Thuweba anasema watanunua nyingine. Waache wanunue. Nyingine itakuwa nyingine.

Khabari za nyumbani: falaji maji yamepungua. Mnazi niliouotesha kwenye pipa umekufa, ulinambia utakufa. Dirisha la chumba chako nimelifunga msumari, upepo unalipiga. Ile dawa yako ya bega ningali naitumia mie kwenye goti.

Na sasa neno langu kwako. Kukuahidi bunduki siwezi. Ile imekwisha, kwa mkono wangu, na ahadi yoyote juu yake itakuwa uwongo, na uwongo nimeshajaza gunia. Kwamba wataelewana siwezi kukuahidi. Hamedi kofi lile litamrudi usoni mwake maisha yake yote, na Yahya aliyoyasema hayarudi mdomoni. Labda wataungana wote wawili wanichukie mie. Sawa. Hilo angalau watakuwa nalo pamoja. Ninachokuahidi ni hiki tu: nitasema. Kwa mdomo huu, mie, si Thuweba, si karatasi. Nitasema ni mie, na nitasema kwa nini, na nitasema nilikaa kimya njia nzima toka Nizwa. Jana nimempigisha Thuweba simu, nimemwambia Hamedi aje, shangazi yako anaumwa. Ni uwongo wa mwisho huo, uniandikie wa mwisho. Asingekuja bila ya hivyo. Na Yahya kaingia alfajiri na vumbi lake, amelala chumbani kwako.

Lala basi kaka yangu. Lala penye majiwe yako. Mungu akupanulie, akutilie mwanga, akusamehe kwa lile neno ulilomnyima Hamedi, na mie anisamehe kwa yale niliyoyanyamazia. Nisingekuandikia kama ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia kabla. Miaka yote nilikuwa nakwambia wewe kwanza, ndipo nnawaambia watu. Nimezoea vibaya. Nilitaka pia nikuulize, ile siku mchangani, kweli ile risasi yangu ili...

Unasikia? Gari. Mlango wa gari. Hiyo ni yake, ya Ibra, mlango wake mzito.

Yahya huyo ananiita. Kaamka, wamekutana mlangoni, Mungu wangu. Anaita, "Shangazi! Hamedi kaja. Anauliza unaumwa nini."

Thuweba, weka kalamu, nipe mkono niinuke. Naja, baba. Mwambie akae, na wewe ukae. Naja.